Mwalimu Aliyesema Nakuja

Ukimwita mzee huyu akakujibu "nakuja," usimngoje umesimama. Tafuta kiti. Kama una mboga za kuchambua, zichambue. Nilifundisha naye miaka kumi na mmoja katika sekondari moja ya kando ya barabara ya Ihanja, kisha nikawa jirani yake Unyambwa, na katika muda wote huo sikuwahi kumwona akifika ndani ya dakika kumi za kusema anakuja. Hakuwa mwongo. Alikuwa anakuja kweli, ila siku zote alikuwa na kitu mkononi alichotaka kukimalizia kwanza, na kukata jambo katikati hakukuwa kwenye damu yake. Kengele ikilia akiwa nusu ya mstari ubaoni, aliumaliza mstari. Akiumaliza, aliona kwamba mstari ule unadai mwingine.

Jina lake silitaji. Shuleni tulimwita Mwalimu wa Hesabu, ingawa walimu wa hesabu walikuwa watatu na wale wawili hawakulifurahia jambo hilo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Naliweka hili wazi mapema ili ieleweke kwamba hesabu nitakazozitaja hapa nimezipata kwa kubishana na kwa kung'ang'anizwa kwenye chumba cha walimu. Sikuzisoma popote.

Nilimjua kwa mara ya kwanza kwa ajili ya makande. Nilikuwa mgeni, wiki ya pili tu kazini, nami ndiye mwalimu wa zamu. Kengele ya chakula imelia, wanafunzi wote wamepanga mstari, kidato cha tano hawaonekani. Nikawafuata nyuma ya maabara. Nikakuta matofali ya kuchoma arobaini yamepangwa chini kwa safu moja ndefu, kila tofali limeandikwa namba kwa rangi ya mafuta, na mengine yana alama ya chaki juu yake. Msichana mmoja amesimama mbele ya tofali la kumi na saba amevaa kofia nyekundu. Mkononi ana karatasi ya maelekezo. Anasoma kwa sauti: "Kofia nyekundu, alama ipo. Futa alama, nenda kulia, vaa kofia ya bluu." Anafuta, anakwenda kulia, anabadili kofia. Wenzake thelathini wanamwangalia kama watu wanaotazama penalti.

"Mwalimu," nikasema, "shikamoo. Chakula kinapoa."

"Marahaba, Madam. Tunakuja."

"Hii inaisha saa ngapi?"

Akanigeukia, na uso wake ukachangamka kama mtu aliyeletewa barua. "Madam ameuliza swali la leo! Nani atamjibu Madam?"

Hakuna aliyemjibu Madam. Ndiyo ilikuwa maana ya somo zima. Yule msichana mwenye kofia ni mashine, karatasi yake ni programu, matofali ni kumbukumbu ya mashine. Kuna karatasi ambazo mwenye kofia akizifuata atafika mahali imeandikwa "simama," na kuna ambazo atakwenda kulia na kushoto mpaka matofali ya Singida nzima yaishe. Swali lilikuwa hili: je, kuna kanuni moja ya kuitazama karatasi yoyote ile na kusema, kabla ya kuianza, kama itafika mwisho? Siku ile karatasi haikufika mwisho. Mwenye kofia ndiye aliyeishiwa nguvu, na makande wakayala yameganda. Somo lenyewe halikuwa kwenye mtaala. Alilifundisha kila Ijumaa baada ya kumaliza ya kwenye mtaala, maana hayo aliyamaliza haraka kama mtu anayefagia uwanja ili apate pa kuchezea.

Katika chumba cha walimu alikuwa na kiti chake karibu na dirisha, na mfuko wa kulia wa koti lake la kijivu ulikuwa mweupe kwa chaki. Hapo ndipo aliponing'ang'aniza.

"Seti ni gunia tu, Madam. Kuna magunia ya kiungwana. Mtu akikuletea namba yoyote, una kanuni ya kukuambia imo au haimo, na kanuni hiyo haikuweki mpaka kesho. Namba shufwa, kwa mfano. Namba tasa. Hayo yanaamulika."

"Na ambayo si ya kiungwana?"

"Chukua zile karatasi zangu za maelekezo. Kila moja ipe namba. Sasa tia kwenye gunia namba za zile tu zinazofika mwisho. Mtu akikuletea namba, utafanyaje?"

"Nitaifuata karatasi yake nione."

"Vizuri. Ikifika mwisho, unajua imo. Isipofika?"

"Nitaendelea kungoja."

"Mpaka lini?"

"Wewe ndiye mwalimu wa hesabu, niambie."

"Utangoja, Madam. 'Ndiyo' ina siku yake. 'Hapana' haina siku." Akanywa chai yake kwa raha ambayo sikuielewa. Mtu mwingine akigundua jambo kama hilo angehuzunika.

Maneno hayo ya ndiyo na hapana aliyasema mara nyingi mno. Aliyasema kwenye vikao vya bodi, aliyasema msibani, na siku moja alimwambia kijana aliyekuja kuomba ushauri akilalamika kwamba amempelekea binti mmoja barua na hajajibiwa mwezi wa tatu huu. Kijana akaondoka akiwa hoi kuliko alivyokuja.

Jambo lililomletea matatizo na mkuu wa shule lilikuwa neno "sijui." Katika mtihani wake wa majaribio, kijana mmoja aliandika kurasa tatu, na mwisho akaandika: "Kwa hiyo sijui, na nimeonyesha kwa nini hakuna njia ya kujua." Mwalimu akampa alama zote. Habari zikasambaa. Mtihani uliofuata nusu ya darasa wakaandika sijui, tena kwa mwandiko mzuri, wakapata sifuri. Wazazi wakaja juu. Mkuu wa shule akamwita ofisini, naye akasema nakuja, akafika baada ya kipindi kizima.

"Kuna sijui ya jasho na sijui ya uvivu," alieleza. "Ukizisoma zinafanana. Ukimwangalia aliyeandika, hazifanani."

Mkuu akamwomba kwa heshima asizipokee tena zote mbili.

Sasa nimseme Mama, mke wake, kwa sababu bila yeye mzee huyu angebaki kichekesho tu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa maneno, na wakati wa kubishana na mumewe alianza kwa Kiswahili kwa heshima yangu. Wakihamia Kinyaturu nilijua mambo yameiva, na mimi mtu wa Manyoni nikabaki kuhesabu vidole. Siku ya kwanza waliponikaribisha chakula, Mwalimu alitaka kunithibitishia kwa nini kanuni ile ya kutabiri karatasi haiwezi kuwapo.

"Tuseme yupo mtabiri," alisema, "anayejua kila mtu atafanya nini. Mama, njoo kidogo. Leo utakwenda sokoni au huendi? Mimi ni mtabiri. Nasema utakwenda."

Mama alikuwa amekwisha kujifunga khanga ya pili, kapu liko mlangoni. Akalitazama kapu, akaketi. "Siendi."

"Samahani, nimekosea. Natabiri huendi."

Mama akanyanyuka, akachukua kapu. "Naenda."

"Umeona, Madam? Sikukosea kwa uzembe. Mtabiri akiishi nyumba moja na mbishi, na mbishi akausikia utabiri kabla, utabiri wowote unaharibika. Sasa miongoni mwa zile karatasi za maelekezo, naweza kuandika moja iliyo mbishi kama mke wangu: inamuuliza mtabiri habari zake yenyewe, halafu inafanya kinyume. Kwa hiyo mtabiri wa karatasi zote hayupo. Uthibitisho umekwisha."

"Kama hiyo karatasi ipo," Mama alisema akiwa mlangoni, "ipelekwe bombani ikachote maji."

Maji ndiyo yalikuwa mzigo wa nyumba ile. Bomba la mtaa lilikuwa chini ya mteremko, na kutoka pale hadi kwao ni njia ya mawe, ya kupanda muda wote. Mama alichota asubuhi ndoo mbili na jioni mbili, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsema. Alikuwa anangoja siku moja tu: siku mumewe atakapostaafu. Alikuwa amekwisha kuiona kwa macho. Gata za bati za kukinga mvua kuzunguka paa, tangi kubwa pembeni mwa nyumba, na bomba dogo karibu na mlango wa jikoni, la kufungulia bila kuinama.

Siku ya kumuaga, wastaafu wenzake walipewa mablanketi na redio. Yeye aliomba apewe yale matofali arobaini. Yakaletwa Unyambwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, Mama akafurahi kwamba ndiyo ya kujengea msingi wa tangi.

Jioni ile ile Mwalimu alipima paa, akachukua karatasi, akakokotoa mvua ya mwaka, eneo la bati, matumizi ya watu wawili na kuku. Haikumchukua nusu saa. "Tangi la ukubwa huu," akasema, "likijaa masika, litatufikisha mwezi wa tisa."

"Basi lijenge," Mama akasema.

"Linaamulika," akajibu. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni mwa koti, na hakuigusa tena kwa miaka minne. Nataka nieleweke vizuri. Hakukataa kujenga tangi. Kwake yeye, jambo lililopata jibu lilikuwa limekwisha kufanyika, na kilichobaki, yaani kulifanya, kilikuwa kazi ya watu wasio na la kufikiri. Kesho yake akachukua sururu akaanza kuchimba kisima nyuma ya jiko.

Futi za kwanza zilikwenda vizuri, udongo mwekundu, halafu kichanga kigumu. Akamtafuta mwenzake wa kuvuta ndoo, mzee mmoja aliyestaafu reli huko Manyoni na kuhamia kwa mwanawe, mtu wa maneno machache aliyekuwa na subira ya ajabu. Nilimuuliza siku moja kama hachoki. "Binti yangu," akasema, "mimi nimekaa stesheni miaka thelathini. Treni inayokuja unaisikia. Isiyokuja haina mlio." Nikaelewa kwa nini wanapatana.

Kisha wakagonga mwamba. Mtu yeyote anayeujua mji wetu anajua mawe yake. Yamekaa nyuma ya nyumba, yametokeza barabarani, yamezunguka maziwa yote mawili. Akaitwa fundi wa visima aje aone. Fundi akachungulia, akadondosha kokoto, akasikiliza.

"Mzee, hapa ni mwamba mmoja kutoka hapa mpaka ziwani."

"Umeuona wote?"

"Hapana, mzee."

"Basi hujui."

Fundi akafuta mikono yake akaaga. Mama, aliyekuwa amesimama na ndoo kichwani juu ya ngata, akauliza, "Na wewe unajua?"

"Sijui. Ndiyo maana nachimba."

Akaendelea na tindo na nyundo. Siku nyingine alipata upana wa kiganja kwa wiki nzima. Jumamosi tulikwenda kumtazama, mimi na majirani wengine, tukainama kwenye shimo na kumpigia kelele za utani. Tulimuuliza kama amefika kwa wahenga, kama anahitaji pasipoti. Sauti yake ilipanda kutoka gizani: "Mita moja zaidi!" Tulicheka sana. Mama alipita nyuma yetu na ndoo, akipanda, na sisi tumempa migongo. Hilo nalikumbuka kuliko utani wenyewe, na halinifurahishi.

Nilimlaumu pia, nisijisingizie. Nilimwambia, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kuna kazi ambazo mtu hawezi kujua kama zina mwisho. Katika kazi zote za duniani ukachagua hiyo?"

"Madam, tangi lina jibu. Hapa kuna swali."

"Mama hanywi swali."

Akasema hilo ni kweli, kisha akateremka tena.

Mwaka wa tatu Mama alikwenda mnadani Issuna, akarudi na kamba mpya ya katani. Aliipima kwa mikono yake mbele yetu sote, pima baada ya pima, akaitupa miguuni mwa mumewe. "Hii ndiyo kamba ya mwisho. Ikiisha kwenye gurudumu la kuvutia na ndoo ikagusa chini bila maji, unatoka, unajenga tangi."

Nilidhani atabisha. Badala yake alimsifu wiki nzima, shuleni kwetu akaja makusudi kunieleza. "Mke wangu amelifanya swali liamulike! 'Je, kuna maji chini?' halina mwisho. 'Je, kuna maji ndani ya kamba hii?' lina jibu, ndiyo au hapana, na siku ya jibu inajulikana kabla hujaanza. Ameweka kikomo! Hajasoma hata ukurasa, Madam, lakini amelimaliza."

Kamba ikaisha mwaka uliofuata, mwezi wa nne. Maji hayakuwapo. Mwalimu akatoka shimoni, akakaa juu ya matofali yake siku moja na nusu, halafu akaenda bandani, akafungua kamba ya ng'ombe, akaiunga na ile ya Mama kwa fundo. Baada ya hapo ikafuata kamba ya kuanikia nguo. Ikafuata kamba ya kisima cha jirani ambacho kilikuwa kimekauka, jambo ambalo mtu mwingine lingemfundisha kitu. Kila mara alikuwa na sababu. Mwamba umekuwa laini. Mwamba umebadilika rangi. Kuna unyevu kwenye kidole. Mama aliyahesabu mafundo yale bila kusema, na alipokoma hata kumbishia, mimi niliogopa. Mbishi akinyamaza, nyumba haina mtabiri wala uthibitisho.

Mama alianguka wakati wa upepo, mwezi wa nane, karibu kabisa na kwao, pale njia inapokata kati ya mawe mawili. Ndoo ilikuwa imejaa. Nyonga ikavunjika. Nilikuwa shuleni. Jioni nilikuta uwanja mtupu, kuku hawajafungiwa, na mzee wa reli amekaa peke yake kwenye mdomo wa kisima.

"Nilimwita," aliniambia. "Nilipiga kelele, Mwalimu, Mama ameanguka."

"Akasemaje?"

Aliinuka. Alifungua kamba kwenye gurudumu, akaizungusha mkononi vizuri kama mtu anayefunga kazi ya siku, akaniachia pale pale kisimani, akaenda kwake.

Mwezi uliofuata nikapata uhamisho wa Manyoni. Salamu zilinifikia kwa simu: Mama amefanyiwa upasuaji, Mama amerudi nyumbani, Mama anatembelea fimbo. Za Mwalimu hazikuwa na habari, maana simu yake ikiita aliifikia imekwisha kukatika, kama kawaida. Ilikuwa imepita miaka miwili na zaidi nilipopanda basi kwenda kuwaona, likizo ya Disemba, mvua zimekwisha kuanza.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni gata. Bati jipya linameta kuzunguka paa lote. Pembeni mwa nyumba kuna tangi, jeusi, refu kunipita, limekaa juu ya matofali arobaini ya kuchoma. Namba za rangi ya mafuta bado zinasomeka. Fundi aliyejenga msingi hakuzijali: tisa iko karibu na thelathini na moja, na nne imelala kichwa chini. Mwenyewe aliyepanga matofali hayo kila Ijumaa kwa kamba na rula alikuwa ameyaacha hivyo hivyo.

Nyuma ya jiko kisima kilikuwa kimefunikwa kwa mabati na mawe mazito. Na kutoka nguzo ya banda mpaka kona ya nyumba ilikuwa imefungwa kamba ndefu ya kuanikia nguo, ina mafundo saba, imebeba khanga na shuka za Mama.

Mwalimu alikuwa kibarazani, koti lile lile, mfuko sasa hauna weupe. Alikuwa amevua ndara zake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Madam. Karibu, karibu. Mama amelala kidogo, mguu ulimsumbua asubuhi. Kaa hapa."

Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa. Maji ya chai yametoka tangini, alinieleza, na kwa hesabu zake za ile karatasi ya kwanza yatafika mwezi wa tisa. Mpaka sasa hesabu hazijakosea hata wiki moja. Alisema hilo bila fahari yoyote. Nilitaka kumchangamsha, nikarudia utani wetu wa Jumamosi.

"Kwa hiyo, Mwalimu, kulikuwa na maji au hakukuwa?"

"Sijui."

"Sijui ya jasho au sijui ya uvivu?"

Hakucheka. Akatazama mabati juu ya kisima. "Hii ni ya tatu. Sikuwafundisha, kwa sababu sikuijua."

Upepo ukazichezesha khanga kwenye kamba.

"Siku ile mzee wa reli aliniita," akasema. "Nilimsikia vizuri. Alisema Mama ameanguka. Nikajibu nakuja."

"Najua, Mwalimu."

"Hujui. Hakukwambia yote, yule ni muungwana. Nilisema nakuja, na nyundo ilikuwa imekwisha kunyanyuka, nikapiga. Mwamba ukatoa sauti nyingine. Miaka minne ulikuwa na sauti moja, Madam, halafu siku ile, pigo lile, ukatoa nyingine. Nikapiga tena nihakikishe. Nikapiga tena. Juu mzee anaita, mimi nasema nakuja, nakuja, na ninapiga. Nilipotoka, wanawake wa bombani walikuwa wamekwisha kumbeba mpaka barabarani. Alikuwa amelala kwenye mawe yale muda wote huo."

Chai ilikuwa mkononi mwangu na sikujua pa kuiweka. Nilimkasirikia, nasema wazi, kama nilivyokuwa sijamkasirikia mtu siku nyingi. Na wakati huo huo nilimwonea huruma.

"Yeye anajua?"

"Nilimwambia hospitalini, siku ile ile. Akaniuliza, ulipiga mara ngapi? Nikasema sikuhesabu. Akasema, mwalimu wa hesabu mzima, hukuhesabu? Akacheka. Alicheka na nyonga ikamuuma, akalia. Mimi nilikuwa nimesimama tu pale." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilipomrudisha nyumbani nikafunika kisima. Kamba aliitaka yeye. Kila nikianika nguo nayashika mafundo."

"Hujawahi kufunua? Hata kudondosha kokoto moja usikilize?"

"Hapana."

"Huenda ulikuwa umebakiza kidogo tu."

"Huenda. Au mwamba ulipasuka tu mahali pakavu. Nikidondosha kokoto nitajua, na nikijua, Madam, nitakuwa nimelipwa kwa mapigo yale. Sitaki kulipwa."

Kuku wakapita chini ya tangi. Nilidhani amekwisha, lakini namjua, mstari mmoja siku zote ulidai mwingine. Akakiinua kidole kile kile cha ubaoni, macho yakarudia kuwaka kidogo kwa mara ya kwanza tangu nifike, akasogea ukingoni mwa kiti.

"Ila nimekuwa nikifikiri juu ya ile sauti," akasema. "Miaka miwili nafikiri. Mwamba ukibadilika sauti kwa namna ile, kuna mambo mawili tu yanayowezekana, hakuna la tatu, nimelithibitisha. La kwanza ni kwamba..."

"Mwalimu," Mama akaita kutoka ndani. Hakuita kwa nguvu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamka na kutaka mkono wa kushika.

Kidole kilikuwa bado hewani. Akanyanyuka. Hakusema nakuja. Alivaa ndara moja, nyingine akaikosa kwa mguu, akaiacha pale pale chini ya kiti na kuingia ndani hivyo hivyo, mguu mmoja mtupu, na nikasikia fimbo ya Mama ikigonga sakafu na sauti zao wawili zikiongea Kinyaturu polepole.

Aliporudi alikuwa amemshika Mama mkono, tukasalimiana, tukapika, tukala. Sikumkumbusha pale alipoishia, naye hakurudia.